Kabla ya Kumwita Baba Mlevi

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo kila nikiikumbuka huona haya kana kwamba imetokea leo asubuhi. Nilikuwa natoka kazini Mtwara mjini, narudi Mikindani kwa mjomba wangu, nimevaa ovaroli ya bluu ya ufundi na kanga nimejifunga juu yake, maana msichana mwenye ovaroli siku zile aligeuziwa shingo na kila mpita njia. Mbele yangu nikamwona mwanamume anakuja na mzigo wa mihogo kichwani. Alikuwa baba yangu mzazi.

Alinitambua kabla sijapata pa kujificha. Akatua mzigo, akajifuta uso kwa upindo wa shuka, akaita, "Zuhura!" Nilipokaribia akaita tena kwa sauti ya chini, "Zuhura, mwanangu." Nami nikainamisha kichwa, nikavuka upande wa pili wa barabara, nikapita kama mtu aliyesikia ndege tu akilia mtini. Sikugeuka nyuma. Nilisikia nyayo zangu mwenyewe na hakuna kingine.

Nisikilize taratibu, maana nataka ujue aliyekuwa akiniita ni nani, na kwa nini nilipita.

Baba yangu, Issa Selemani, alikuwa dereva wa gari la afya. Lilikuwa jipu kuukuu la kijani, na kazi yake ilikuwa kupeleka dawa na wauguzi katika zahanati za vijiji, hasa vile vya kandokando ya Ruvuma, mpaka Kitaya huko mpakani. Hizo ndizo zama za vijiji vya ujamaa, watu wamehamishiwa pamoja, shule na zahanati zinafunguliwa, na dereva wa gari la dawa alikuwa mtu wa kupokewa kwa vigelegele. Akifika kijijini watoto hulikimbilia gari, kina mama humpa mihogo ya kuchoma na kuku wa kufungwa miguu. Nyumbani kwetu Mikindani hakukosa swala ya Ijumaa, wala sikuwahi kuona chupa mkononi mwake.

Halafu nikaenda Dar es Salaam kusomea umeme wa magari. Wakati ule serikali ilikuwa ikihimiza wasichana nao waingie katika ufundi, na baba ndiye aliyenisindikiza mpaka kwenye basi, anajisifu kwa makondakta, "Huyu anakwenda kuwa fundi, si mchezo." Nikiwa huko ndipo maneno yalipoanza. Ikasemwa kwamba Issa dereva sasa anakunywa. Wakati wa mvua alikuwa akifika Kitaya anashuka garini akiyumba, macho mekundu, ulimi mzito, anauliza jambo lile lile mara mbili. Baadaye likaja la kuja. Siku moja ya mvua kubwa gari lilitoka barabarani karibu na Kitaya likagonga mkorosho. Chupa za dawa zikavunjika, na muuguzi aliyekuwa amekaa nyuma, penye turubai lililo wazi, akavunjika mkono. Baba alishuka akitapika mbele ya kijiji kizima, akaanguka, akainuka, akaanguka tena.

Mwanangu, watu walioona jambo kama hilo hawahitaji shahidi mwingine. Wakubwa wake wa kazi walimwachisha. Kaka zake mama, wakiongozwa na Mjomba Shaibu, walikuja wakamchukua dada yao. Walisema hawawezi kumwacha kwenye nyumba ya mlevi. Walidai talaka, na baba aliitoa bila ubishi, pengine kwa kuchoka, pengine kwa aibu. Akarudi kijijini Mtawanya, kwa mama yake, kulima mihogo. Eda ilipokwisha, mama akaolewa na mtu wa Mikindani mwenye nyavu na mashua, mtu mpole. Mimi niliporudi na cheti changu nilikuta kila kitu kimeshakuwa. Nilikaa kwa mjomba, nikala chakula cha mjomba, na taratibu nikaanza kuyaamini maneno ya mjomba. Alikuwa na msemo wake: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Nami nikauweka moyoni kama aya.

Sasa umejua kwa nini nilivuka barabara.

Haukupita muda, bibi yangu Somoe, mama yake baba, akaja Mikindani kwa miguu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu kama mhogo wa makopa, na ulimi wake haukuhitaji kunolewa. Alikaa barazani kwa mjomba, akakataa chai, akaniita. Alizoea kuniita mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu.

"Mke mwenzangu, njoo hapa. Sogea. Sogea zaidi. Ninuse mdomo."

Nikashangaa. "Bibi!"

"Ninuse, nimekwambia. Nimekula nini leo?"

Nikainama nikamnusa. "Umetafuna tambuu, Bibi."

"Umejuaje?"

"Si nimekunusa?"

"Haya." Akamgeukia Mjomba Shaibu aliyekuwa ameegemea mlango. "Huyo mwanangu Issa, nani kati yenu amemnusa?"

Mjomba akatabasamu kwa adabu. "Mama, watu wa Kitaya walimwona kwa macho yao."

"Walimwona akitembea. Pombe hainuswi kwa macho. Tena ilikuwa mvua inanyesha, mabibo yameshaoza zamani chini ya mikorosho. Huo uraka, pombe ya mabibo, kaupata wapi?"

"Gongo halina msimu, mama," mjomba akajibu polepole. Wala hakusema uongo. Gongo lilikuwapo mwaka mzima, kila mtu alijua.

Bibi hakubishana naye. Alinigeukia mimi. "Wewe umesomea magari. Mtu akikuletea gari linaloyumba, husemi limelewa. Unafungua, unatazama ndani. Baba yako umemfungua wapi?"

Nikajitetea. "Mimi nilikuwa masomoni, Bibi."

"Juzi barabarani hukuwa masomoni," akasema. Akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Nilikasirika, mwanangu. Kijana anapoambiwa kweli kwanza hukasirika. Nilijiambia kwamba mama hawezi kuiona aibu ya mwanawe, kwamba mwana mbaya kwa mamaye ni mwema. Nikarudi kazini.

Wakati ule petroli ilikuwa ya shida kubwa. Magari ya serikali yalikaa yamepanga foleni kungojea, na dereva aliyepata kibali cha mafuta alikishika kama hati ya nyumba. Basi akaja kwenye karakana yetu injinia mmoja kutoka Dar es Salaam, Bwana Lugome. Alikuwa amesoma ng'ambo, kijana bado, mrefu, mwenye kusema kidogo. Alikuja na kidude ambacho sisi hatujapata kukiona. Ukikitazama haraka utasema ni plagi ya gari: kina meno ya kukazia, kina kichwa cha chuma chenye matundu, na nyuma kinatoka waya. Alitukusanya akatueleza.

"Injini inakula petroli na hewa," alisema. "Vikilingana, moshi unatoka bila hewa ya kubaki. Petroli ikizidi, tunaitupa njiani. Hiki kinakaa ndani ya ekzosi, kinaonja moshi, kinatuambia kama kuna hewa imebaki. Kinatoa umeme kidogo sana, unaosukuma mshale wa saa ya kupimia. Mshale ukipanda, petroli imezidi. Mshale ukilala, hewa imezidi."

Akatuonya kwamba petroli yetu imetiwa madini ya risasi, na risasi hukiua kidude hicho mapema, kwa hiyo tufanye kazi upesi kabla hakijafa. Alitaka kulipima gari moja katika safari ya kweli, kwenye milima na tambarare na tope, kisha kabureta irekebishwe, na alichojifunza kitumike kwa magari mengine. Gari lililochaguliwa lilikuwa jipu la afya. Lile lile. Lilikwishanyooshwa bodi, likapewa dereva mpya, kijana mmoja mcheshi jina lake Bakari.

Kwa kuwa mimi nilikuwa wa umeme, kazi ya waya ilikuwa yangu. Tulifungua bomba la mbele la ekzosi, Bwana Lugome akatoboa tundu, fundi wa kuchomelea akachomea nati juu ya tundu. Tukalirudisha bomba, tukapaka grisi ya joto kwenye meno, tukakikaza kidude kwa spana mpaka kikakaa. Mimi nikapitisha waya kando ya chesesi, ule mfupa wa chini wa gari, mbali na joto, nikaupandisha ndani kupitia pale panapotoka mkono wa gia. Mpira wa kuziba pale ulikuwa umechanika kitambo, na sakafu ilionyesha ardhi. Nilifurahi, maana sikuhitaji kutoboa. Waya nikauunga kwenye saa ya mshale, saa nikaipakata mapajani, nikakaa kando ya Bakari. Kazi yangu ilikuwa kuandika mshale unasema nini kila tunapopanda, kila tunaposhuka, na kila tunapokwama.

Tuliondoka asubuhi kwenda Kitaya. Bwana Lugome alibaki Mtwara na gari lingine. Mwanzo injini ikiwa baridi mshale ulikwenda vizuri. Mvua ikaanza, Bakari akafunga vioo, nami nikafunga wangu. Injini ilipopata moto, mshale ukalala. Hewa imezidi, nikaandika. Tukipanda kilima, hewa. Tukienda tambarare, hewa. Nikafikiri nimeunga waya vibaya, nikaushika, nikautikisa, haukubadilika. Bakari alikuwa akinisimulia habari za harusi yake inayokuja, akacheka, akasimulia tena ile ile. Nikamwambia, "Umeshasema hiyo." Akanitazama kama hakuelewa.

Kichwa kilianza kunigonga hapa, juu ya macho. Nilidhani ni tope na kurushwarushwa. Baadaye kalamu ikawa nzito, namba nilizoziandika nikaziona zinaogelea. Nilitaka kulala. Nakumbuka nilifikiri, kwa utulivu kabisa, kwamba ningelala tu hapo hapo na kila kitu kingekuwa sawa. Tulifika Kitaya kwa rehema za Mungu. Nilifungua mlango, nikakanyaga chini, na ardhi ikanikwepa. Nikashika ubavu wa gari. Nikapiga hatua nyingine nikapiga magoti kwenye tope, nikatapika.

Watu walikuwa wamejikinga mvua kwenye ukumbi wa zahanati. Nilisikia mtu akicheka. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, si ya ukali, ya kusikitika tu, ikasema, "Huyu si binti wa Issa? Ndiyo hivyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Nilitaka kujibu. Nilitaka kusema mimi sijapata kuonja pombe tangu nizaliwe. Ulimi ulikuwa mzito. Maneno yalitoka yamevunjika, na kila nilivyojitahidi ndivyo watu walivyozidi kutikisa vichwa. Hapo, mwanangu, nikiwa kwenye tope, nilimwona baba moyoni mwangu. Alikuwa amepiga magoti pale pale, mbele ya watu wale wale, anatafuta maneno yale yale. Hakuna aliyeniambia. Niliyajua kwa mwili wangu.

Muuguzi wa zahanati alitulaza mimi na Bakari ukumbini penye upepo. Mvua ilipokatika kichwa kikaanza kufunguka. Tulirudi na vioo wazi, polepole, tukisimama kila mara, na Bakari akaniambia jambo alilokuwa akilificha: siku za mvua hufika Kitaya akiwa hivyo, lakini ameogopa kusema asije akakutwa na yaliyomkuta aliyetangulia. "Harusi yangu karibu, dada," akasema. "Nani atamwoza binti yake kwa dereva mlevi?"

Kesho yake nilimweleza Bwana Lugome. Nilimweleza habari za mshale, za kichwa, na za baba. Sikujua kama angenicheka. Hakunicheka. Alichomoa plagi za injini akazitazama. Zilikuwa nyeusi kwa masizi.

"Plagi zinasema petroli imezidi," alisema. "Mshale unasema hewa imezidi. Mmoja anaongopa."

"Waya nimeukagua mara nyingi," nikasema.

Akafikiri sana, akikipapasa kichwa cha plagi kwa kidole gumba. "Au hakuna anayeongopa. Hewa haikupita kwenye injini. Imeingia njiani, kabla ya kufika kwenye kidude. Na panapoingia hewa, moshi nao unatoka."

Tukaliwasha gari, tukaliacha mpaka injini ikapata moto kabisa. Kisha tukaloweka gunia tukaziba nalo mdomo wa nyuma wa ekzosi. Bwana Lugome akaingia uvunguni na shati lake jeupe, mimi nikaingia upande wa pili. Ikasikika sauti nyembamba, kama mtu anayepuliza uzi kwenye tundu la sindano. Ilitoka kwenye chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye injini, chini yake, mahali ambapo jicho halifiki. Palikuwa na ufa. Chuma kikiwa baridi ulijifunga ukafunikwa na masizi na tope; kikipata moto ulifunguka. Na juu yake tu ndipo lilipo lile tundu la gia, ule mpira uliochanika, niliofurahi kuupitishia waya wangu. Siku za kiangazi dereva hufungua vioo, upepo hufagia. Siku za mvua hujifungia ndani na moshi, harufu yake katika jipu kuukuu haimshtui mtu, na sehemu ya moshi huo inayoua haina rangi wala harufu.

Bwana Lugome alitoka uvunguni, akakaa chini. "Baba yako aliendesha hivi kwa muda gani?" akaniuliza.

Nilikuwa nalia.

Nilikwenda Mtawanya siku hiyo hiyo, na ovaroli yangu na mikono yenye grisi. Nilimkuta baba amekaa kibarazani anamenya mihogo, bibi yupo ndani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuniangalia sana. Kisu kiliendelea.

Nikamweleza yote, toka kidude mpaka ufa, toka Kitaya mpaka gunia. Nilisema haraka haraka, nikidhani atasimama, atainua mikono, atamwita mama yake. Aliponyamazisha kisu aliuliza jambo moja.

"Huyo kijana, Bakari, bado yumo kwenye gari?"

"Hapana, baba. Gari tumelifungia."

"Alhamdulillahi," akasema, na mabega yakamshuka. Kisha akaongea kama mtu anayejisemea. "Nilifika mahali nikajiuliza, pengine nakunywa bila kujua. Watu wote wakikwambia umelewa, utaanza mwenyewe kushika ukuta."

Nikamshika miguu. "Baba, nisamehe. Siku ile barabarani, uliponiita."

"Nilidhani hukusikia," akasema.

Mwanangu, hapo mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kusema ndiyo, sikusikia, kulikuwa na upepo. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo, nikasema, "Nilisikia, baba."

Bibi alichungulia mlangoni, akarudi ndani. Baba akachukua mhogo mwingine. "Ungeniacha niendelee kudhani," akasema.

Alinisamehe. Alisema hivyo kwa kinywa chake, na baba hakuwa mtu wa maneno mawili. Lakini nilijifunza siku ile kwamba msamaha hufuta deni, hauzibi jeraha.

Mjomba Shaibu nilimwambia barazani kwake, na kwa haki yake nitasema kwamba hakubisha. Aliuliza kama nina hakika; nikamwambia nimevuta moshi huo mwenyewe. Ijumaa ile aliswali Mtawanya badala ya Mikindani, na baada ya swala alimwomba baba radhi mbele ya watu. Wakubwa wa kazi nao walimtuma mtu kumwita arudi. Baba alishukuru, akakataa. Alisema hawezi tena kukaa ndani ya gari lililofungwa. Kifua kinambana hata kabla injini haijawashwa. Alibaki na mihogo yake.

Baba aliniomba nisimpelekee mama habari hii. "Ana nyumba yake sasa," alisema. "Ukimpelekea kweli, atafanya nini nayo?" Nikamwahidi. Lakini Mikindani ni mji mdogo, na radhi ya msikitini haikai msikitini. Siku moja mama alikuja karakanani, na buibui lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakunisalimu vizuri. Alisema, "Nionyeshe."

Kile chuma kibovu tulikuwa tumekitoa, kiko pembeni na vyuma vingine. Nikakiinua nikamwonyesha. Alipitisha kidole juu ya ufa, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Ndio huu?"

"Ndio, mama."

"Mdogo hivi." Akautazama tena. "Nililala ubavuni mwake miaka yote ile. Pumzi yake naijua kuliko yangu. Sikupata kunusa kitu. Wala sikusema, Zuhura. Kaka zangu walipoongea, nilinyamaza."

Nilitaka kumshika. Alirudisha mikono ndani ya buibui. "Mume wangu anangoja chakula," akasema, akaondoka, na mpaka anakufa hatukulizungumza tena jambo lile. Mume wake wa pili alikuwa mtu mwema. Hakuwa na kosa lolote. Ndiyo maana jambo lile halikuwa na dawa.

Tulilitengeneza jipu, tukaweka chuma kipya na mpira mpya, na kidude cha Bwana Lugome kikafanya kazi yake mpaka risasi ikakiua kama alivyosema. Bakari alioa. Mimi kila Ijumaa nilimpelekea baba chakula Mtawanya, miaka na miaka, tukazungumza habari za mvua, korosho na watoto wangu. Tulicheka hata. Lakini tangu wakati ule, tukikutana barabarani, hakuniita tena kwa jina. Alisimama akangoja mimi nimfikie, mimi nimsalimu kwanza, ndipo aitikie. Sidhani kama alifanya makusudi. Mtu aliyeungua mkono hauulizi mkono wake kwa nini unajirudisha.

Ndiyo hadithi yangu, mwanangu. Leo nawaona vijana wetu wanachomeka kompyuta kwenye gari, inawaambia ugonjwa uko wapi, nami nafurahi. Lakini mtu hana mahali pa kuchomeka waya. Mtu mpaka umkaribie.

Kwa hiyo nakuusia. Ukimwona mwenzio anayumba, umwulize kwanza anaumwa wapi, kabla ya kuwauliza majirani amekunywa nini. Macho huona mwendo tu, hayaoni kinachomwendesha. Usikubali msemo mzuri ukufanyie kazi ya kufikiri, maana mimi nilimpoteza baba kwa msemo, na wahenga wenyewe waliotuachia "lisemwalo lipo" ndio waliotuachia pia "mdhaniaye ndiye kumbe siye." Ukiujua wema wa mtu kwa miaka, usiuache ufutwe na habari ya siku moja; useme unachokijua, hata kama wanaokusikiliza ni kaka zako. Na anayekupenda akikuita njiani, simama. Hata kama una hasira naye, hata kama watu wanatazama. Simama, uitike, uende karibu yake. Mengine mtayasemea hapo hapo.

Mungu akujalie masikio mepesi na ulimi wa taratibu. Akuweke karibu na watu wako, karibu ya kutosha kujua pumzi zao. Asikupe kamwe kweli iliyochelewa, na kama itakuja imechelewa, akupe moyo wa kuibeba mpaka kwa mwenyewe. Nenda salama, mwanangu, na wazazi wako wakuitapo, waone uso wako.